Simu Imejifagia, Nani Atamfagia Mkopeshaji?

Mtu anapoondoa programu katika simu yake, mtumishi asiyeonekana huingia kazini. Mfumo endeshi hufuta kimyakimya mafaili ya programu ile, hubatilisha ruhusa ilizopewa na kurejesha nafasi iliyokaliwa. Mwenye simu haoni ila alama iliyotoweka kwenye kioo, naye hulala akidhani yamekwisha.

Hapo ndipo tunapodanganyika. Mfagizi yule hufagia chumba chake tu. Hana ufunguo wa nyumba ya jirani.

Chukulia muuza viazi wa hapa Mbalizi aliyekopa shilingi 50,000 kwa njia ya simu. Kabla ya kupewa hata senti, ameiruhusu programu isome majina na namba zote alizohifadhi. Orodha hiyo hunakiliwa na kupelekwa kwenye seva ya mkopeshaji. Akichelewa kulipa, shemeji, mchungaji na mwalimu wa mtoto hupokea ujumbe wa kumwaibisha. Kwa hasira anaifuta programu. Simu inatakata, aibu inaendelea.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Ilistahili pongezi. Lakini kumzuia mtu asikopeshe tena si kumpokonya alichokwisha kukichukua. Nauliza: majina yetu yaliyomo katika seva hizo yamefutwa na nani, lini, na nani ameshuhudia?

Watasema mkopaji alikubali mwenyewe. Sawa, alibonyeza. Shemeji yake je, alibonyeza wapi?

Wala tusisingizie ukosefu wa sheria. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatambua haki ya kudai taarifa zifutwe, na Tume ya kuisimamia ipo. Kasoro ni kwamba haki hii humngoja mwananchi alalamike, ilhali aliyenakiliwa kutoka simu ya mwenzake hajui hata kama yumo.

Kwa hiyo, ndugu zangu watumishi wa umma, kila tangazo la kufungia programu liambatane na amri ya kufuta taarifa, tarehe ya mwisho, na ukaguzi wa kuthibitisha. Mashine haisubiri kuombwa ndipo isafishe. Dola yenye sheria, tume na mishahara inasubiri nini?