Kibao mkononi mwa kila mtoto: mwalimu ajue leo, si mwisho wa mwaka

Tangu Septemba 2019, masomo ya msingi katika shule za Serikali ni ya bure, kama Katiba ya 2006 inavyotaka katika kifungu cha 43. Jambo hili linagusa Kanisa moja kwa moja, kwa sababu tangu mapatano ya 1977 makanisa yanasimamia shule nyingi za Serikali. Wazazi walifurahi, na walikuwa na haki. Lakini madarasa yalijaa. Huku mashariki vita pia vimehamisha jamaa nyingi, na watoto wanaingia darasani katikati ya mwaka, kila mmoja na kiwango chake.

Kwa hiyo swali la leo si tu kama mtoto ameingia shuleni, bali kama anaelewa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba katika nchi yetu watoto 97 kwa 100 wenye umri wa miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa maandishi rahisi.

Sababu ni nyingi. Moja iko ndani ya darasa lenyewe. Mwalimu anaeleza, kisha anauliza: "Mmeelewa?" Wote wanaitika: "Ndiyo, mwalimu!" Aliyeelewa anaitika, na asiyeelewa anaitika. Ukweli unakuja kuonekana kwenye mtihani, wakati somo limekwisha kupita. Mchungaji wa kondoo huwahesabu kila jioni. Hangoji mwisho wa mwaka.

Kuna upimaji wa namna nyingine, unaofanyika somo likiendelea, si kwa kutoa pointi bali kwa kumwonyesha mwalimu mahali pa kurudia. Mwaka 1998, watafiti Paul Black na Dylan Wiliam wa London walichunguza maandishi karibu 250 juu ya jambo hili. Waliona kwamba upimaji huo ukifanywa vizuri unainua wanafunzi wote, na zaidi wale walio nyuma.

Je, unahitaji tableti? Hapana. Chombo cha kwanza ni kile kibao cheusi tunachokiita ardoise. Katika karne ya 19, shule ya La Martinière ya Lyon, Ufaransa, ilizoeza namna hii: mwalimu anauliza, kila mtoto anaandika kimya, na kwa ishara moja wote wanainua vibao. Kwa kutupa macho mara moja mwalimu anaona nani amepata na nani amepotea, hata katika darasa la watoto 70.

Mahali penye simu yenye kamera, kuna programu kama Plickers. Kila mwanafunzi anashika karatasi yenye alama na kuigeuza upande wa jibu lake, na simu moja ya mwalimu inasoma majibu yote. Lakini simu inataka umeme na mtandao, na kibao kinataka chaki tu. Tuanze na kile tulicho nacho.

Lakini chombo peke yake hakifundishi. Mtoto anayechapwa au kuchekwa kwa kosa lake atachungulia kibao cha jirani, na mwalimu atadanganyika tena. Na mwalimu akiona nusu ya darasa imekosea, kisha akaendelea mbele ili amalize programu, vibao vimeinuliwa bure.

Tuseme pia wazi: kibao hakimlipi mwalimu. Walimu wasiolipwa wanaendelea kuidai Serikali, na Kanisa lisinyamaze juu ya hilo. Wakati huo huo, parokia inaweza kununua vibao na chaki kwa darasa la kwanza na la pili. Mkurugenzi wa shule naye anaweza kuwauliza walimu wake kila juma: "Watoto gani hawakuelewa, na mliwafanyia nini?" Mwalimu aliyetazama vibao atakuwa na majina ya kujibu.