Menyu mbovu ya tovuti ni hasara kwa mkulima

MJI wa Tunduma unaishi kwa biashara ya mpakani. Tangu Oktoba 5, 2019, Marais John Magufuli na Edgar Lungu walipozindua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, taarifa sahihi imekuwa mtaji kwa wafanyabiashara wa hapo, na vilevile kwa wakulima wa mahindi wa Momba na wa kahawa wa Mbozi.

Mwaka 2017, tovuti za mikoa na halmashauri za Tanzania Bara zilizinduliwa zikiwa na mwonekano unaofanana. Chama cha ushirika au wakala wa forodha anayetaka tovuti yake mwenyewe naye anaweza kuijenga bila gharama kubwa kwa programu ya bure kama WordPress, akachagua kiolezo, yaani vazi la tovuti, na kulirekebisha apendavyo.

Matatizo mengi huanzia hapo. Kiolezo kipya kinawekwa, rangi zinapendeza, lakini menyu imetoweka na ukurasa wa bei hauonekani.

Hasara yake inahesabika. Bajeti ya mwaka 2017/18 ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Kwa mkulima anayeuza magunia 100 ya mahindi, tofauti ya asilimia 5 na 2 ni thamani ya magunia matatu. Viwango vikibadilika na tangazo likafichika, mkulima hubaki kuamini atakachoambiwa kwenye kizuizi cha barabarani.

Jambo la kutia moyo ni kwamba hitilafu hizi mara nyingi hurekebishika bila fundi wa kutoka Dar es Salaam, ilimradi kazi ifanywe kwa mpangilio.

Kwanza kabisa, ichukuliwe nakala ya akiba ya tovuti nzima. Kisha ikaguliwe nafasi ya menyu. Kila kiolezo kina nafasi zake, na kinapobadilishwa, menyu ya zamani inaweza kubaki imehifadhiwa lakini haijapangiwa pa kukaa. Kuipangia upya ni kazi ya dakika chache.

Ukurasa usipoonekana, iangaliwe kama bado ni rasimu, kama haujaingizwa kwenye menyu, au kama habari imewekwa katika kundi ambalo ukurasa wa mwanzo hauliiti. Wakati mwingine marekebisho yamekwisha kufanyika ila kivinjari kinaonyesha nakala ya zamani iliyohifadhiwa. Kuifuta, au kufungua tovuti kwa simu nyingine, huondoa shaka.

Tatizo likiendelea, programu nyongeza zizimwe moja baada ya nyingine, huku tovuti ikitazamwa kila hatua. Ile ambayo kuzimwa kwake kunarudisha menyu ndiyo mkosaji. Atakayezizima zote kwa pamoja hatajua ni ipi.

Aidha, wanaobadili mafaili ya kiolezo chenyewe wakumbuke kwamba toleo jipya likiingia, kazi yao yote hufutika. Dawa yake ni kutengeneza kiolezo-mtoto, ambacho hubeba marekebisho pembeni na kukiacha kile cha awali kama kilivyo.

Zaidi ya yote, tovuti ijaribiwe kwa simu ya bei nafuu. Mkulima wa Ileje hana kompyuta kubwa ya ofisini. Kwenye simu, menyu hujikunja ikawa mistari mitatu, na jedwali la bei lenye safu nyingi hukatika, safu ya mwisho yenye bei yenyewe isionekane.

Viongozi wa ushirika na wenye biashara nao wana wajibu. Nywila zisibaki kwa fundi aliyejenga tovuti na kuondoka. Awepo mtumishi aliyefundishwa, na tovuti ikaguliwe kila msimu wa mauzo unapokaribia. Fedha iliyotumika kujenga tovuti ni ya wanachama, na faida yake huanza pale mwanachama anapoipata bei anayoitafuta.