MTOTO MNENE SI LAZIMA AWE MTOTO MWENYE AFYA



Leo tuongee jambo ambalo halisemwi sana madhabahuni: sahani ya mtoto wako.

Sisi watu wa Makueni tunaijua njaa. Wazee wetu wanaikumbuka ile ya 1984, tuliyoiita Nikw'a Ngwete, kwa maana watu walikuwa na pesa mkononi na chakula cha kununua hakuna. Ndiyo maana susu akimwona mjukuu mwenye mashavu anasema, "Huyu amebarikiwa." Simlaumu. Lakini leo hapa Wote mtoto akipewa shilingi chache anakimbilia soda, chipsi na smokie, na sisi tunafurahi kwamba ameshiba.

Utaniuliza, "Mchungaji, na wale wanaolala njaa?" Swali zuri. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 wa chini ya miaka mitano, 18 wamedumaa na 3 wana uzito uliozidi. Njaa bado ipo. Lakini utafiti huo huo ulionyesha karibu nusu ya wanawake wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi. Mazoea ya kula hayaanzi ukubwani, mpendwa. Yanaanza mezani kwako. Tena mtoto anaweza kunenepa kwa soda na biskuti huku mwili wake unakosa vitamini.

Soma Danieli 1. Vijana wale waliacha meza ya mfalme wakachagua mboga na maji. Baada ya siku kumi walionekana wazuri, hata wamenenepa kuliko wenzao! Umeona? Shida si mtoto kuwa na mwili. Shida ni kile kinachoujaza huo mwili.

Tunakemea presha na kisukari kwenye kesha, na Mungu wetu anaponya. Lakini usimwombe Mungu Ijumaa aondoe kile unachokipakua wewe kila siku. Si kila ugonjwa unatoka kwenye chakula, ila ule tunaoweza kuuzuia tuuzuie.

Basi tufanye hivi:

1. Soda isiwe zawadi ya kila Jumapili. Chupa ya nusu lita ina zaidi ya vijiko 10 vya sukari. Kaunti yetu ina embe, machungwa, hata kiwanda cha matunda kule Kalamba, na bado tunawanunulia watoto juisi ya rangi!

2. Usione aibu kumpikia isyo, muthokoi, ndengu na mboga za kunde. Si chakula cha maskini.

3. Mwache acheze. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau saa moja kila siku kwa watoto wa miaka 5 hadi 17. Kama shule iko karibu, bodaboda ya nini? Na simu ipumzike.

4. Usimwite mtoto "kibonge", hata kwa mzaha. Badilisha chakula cha nyumba nzima, baba na mama mkiwa wa kwanza. Ukiwa na wasiwasi, mpeleke kliniki apimwe.

Walimu wa shule ya Jumapili, nawaomba: wiki hii leteni matunda na maji. Tuanze nyumbani mwa Bwana.

Luka 2:52 inatuonyesha Yesu akikua akili na kimo pamoja. Watoto wetu nao wakue hivyo.

Kama unakubali, andika AMINA, kisha umtumie mzazi mwenzako.