Maziwa Hayatoi Thina Mwilini

Ukipita soko la Matiliku kule Makueni, banda la mafundi wa milango na mageti utalijua kwa pua kabla ya macho. Ni thina hiyo. Jamaa anapuliza rangi leso ikiwa puani, akimaliza ananawa mikono kwa thina hiyo hiyo, kisha anaagiza pakiti ya maziwa ya "kusafisha kifua".

Tuambiane ukweli: hayo maziwa ni chakula tu. Mvuke haukai kifuani ukingoja maziwa. Unapita kwenye mapafu hadi kwa damu, kisha ubongoni. Thina nyingi zina tolueni na zaileni, kemikali zinazopenya hata ngozi, kwa hivyo kunawa nayo ni kujiongezea dozi. Leso, hata ile barakoa ya corona, haizuii mvuke. Inayozuia ni barakoa ya vichujio vya mkaa maalum, na vichujio vyenyewe huisha nguvu, lazima vibadilishwe.

Kizunguzungu cha jioni huisha ukilala. Noma ni miaka. Tangu miaka ya 1970, watafiti wa Denmark na Sweden walikuwa wakiripoti mafundi wa rangi wa siku nyingi wanaosahau ovyo na kukasirika upesi. IARC, shirika la utafiti wa saratani chini ya WHO, limeiweka kazi ya upakaji rangi kundi la 1, pamoja na sigara. (Kundi hilo halisemi hatari zinalingana. Linasema ushahidi wa saratani umetosha.)

Sasa sheria. Ile ya usalama kazini ya 2007 inagusa kila mahali mtu anapofanya kazi, hata ya muda. Ya fidia, WIBA, ya mwaka huo huo, inamhesabu mwanagenzi kama mfanyakazi, na mwajiri anatakiwa kumkatia bima. Naam, mwanagenzi, yule dogo wa kushika kopo! Lakini dogo hana karatasi hata moja, na pengine ni mzazi wake anayelipa ndio afunzwe kazi. Akiugua miaka ishirini baadaye, atathibitisha vipi ni thina ya banda lile?

Kwa hivyo ukienda hospitali kichwa kikigonga, usiseme tu "kichwa". Sema unapuliza rangi, tangu mwaka gani, siku ngapi kwa wiki, na uombe iandikwe kwa faili kabla upewe Panadol.