Binti anasoma uchawi na mapenzi, mama afanyeje?

Mama mmoja anayeuza mchele wa Kamsamba mjini Tunduma alirudi nyumbani jioni, baada ya kutwa nzima ya vumbi na honi za malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde. Akamkuta binti yake wa kidato cha tatu, aliyekuwa likizo, amejikunja kitandani na kitabu kinene alichoazimwa na mwenzake wa bwenini. Vyombo havijaoshwa. Mama akauliza kinahusu nini.

“Uchawi, mama. Na vita. Na mapenzi kidogo.”

Mzazi gani asingeshtuka? Kitabu kikafungiwa kabatini usiku huohuo.

Chenyewe ni Children of Virtue and Vengeance cha Tomi Adeyemi, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria. Kilitoka 2019, kikiendeleza Children of Blood and Bone cha 2018. Sehemu ya tatu, ambayo ndiyo ya mwisho, ilitoka 2024. Katika nchi ya kubuni iitwayo Orïsha, mfalme aliamuru wauawe watu wenye nguvu za uchawi, akiwemo mama yake Zélie, msichana shujaa wa hadithi. Sehemu ya kwanza Zélie anahangaika nguvu hizo zirudi. Ya pili inaanza zimesharudi, na hapo ndipo mambo yanapoharibika: hata upande wa watawala nao umezipata, nchi inaingia vitani. Anayekalia kiti cha enzi sasa ni Inan, mtoto wa mfalme yule muuaji, kijana ambaye Zélie alimpenda, naye akamgeuka.

Mauaji na mateso yamo, tena mengi. Si kitabu cha mtoto wa darasa la tano. Lakini uchawi wa hadithini peke yake usimkoseshe mzazi usingizi. Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka 1952, kina majini na ndugu waliogeuzwa manyani, na waliokisoma shuleni hawakutoka wakiruka na ungo.

Siku ya tatu mama akakirudisha, kwa sharti moja. Kwa kuwa Kiingereza chake kiliishia darasa la saba, binti amsimulie kwa Kiswahili kila jioni wakichambua mchele. Hilo linawezekana hata kwa mzazi asiyesoma ukurasa mmoja. Binti akasimulia, mama akauliza maswali ya kweli, si ya mtego: huyo malkia, mama yake Inan, anamshauri nini mwanawe? Huyo Zélie hana shangazi wa kumwambia yaliyo moyoni? Wakacheka. Vyombo navyo vikaanza kuoshwa mapema.

Jioni ya nne binti akanyamaza ghafla katikati ya hadithi. Kisha akauliza, bila kuinua macho, kama mtu akikuahidi kitu halafu akakugeuka, unaweza kumwamini tena.

Mama akaendelea kuokota mawe. “Huyo Inan?”

“Mtu tu, mama.”

Hakupandisha sauti. Aliweka ungo pembeni, akafunga mlango ili wadogo zake wasisikie, akarudi kuketi.

“Haya, mwanangu. Anza mwanzo. Huyo mtu ana miaka mingapi?”