Ukubwa wa Manowari si Ngao

Msomaji mpenzi, yako maneno ambayo yakisemwa mara nyingi hugeuka kuwa imani, na imani ikishakomaa hakuna anayeuliza ilizaliwa wapi. Maneno ya namna hiyo niliyasikia darasani mwangu, katika mjadala wa wanafunzi wa mitaa yetu ya Eastlands. Kijana wa Makongeni alisimama akasema kwamba taifa lenye manowari kubwa haliwezi kutishwa na yeyote: nyambizi zitasikika, makombora yatatunguliwa angani, na adui atarudi kwao kwa aibu. Darasa likampigia makofi. Msichana wa Jericho akamjibu kwamba hayo ni mambo ya wakubwa wa dunia, wala mtu wa Kaloleni asiye na hata mtumbwi hana haja ya kuyajua. Naye akapigiwa makofi. Mimi, mwalimu wao, sikumpigia makofi hata mmoja wao, na sasa nataka kukueleza sababu zangu ili uzipime mwenyewe.

Naanza na neno la kijana, kwamba ukubwa ni ngao. La hasha! Bahari yetu hii ya Hindi imelikanusha neno hilo zamani. Mwezi wa Aprili 1942 ndege za Wajapani zilizamisha manowari kadhaa za Kiingereza karibu na kisiwa cha Ceylon, kiitwacho leo Sri Lanka, na manowari nyingi zilizosalia zikaletwa Kilindini, Mombasa, ili ziwe mbali na hatari. Tarehe 30 Mei mwaka ule ule, manowari Ramillies ilikuwa imetia nanga Diego Suarez, kaskazini mwa Madagaska, bandari ambayo Waingereza walikuwa wameiteka mapema mwezi huo. Kilikuwa chombo cha zaidi ya tani 29,000, chenye mizinga minane ya inchi 15. Katika giza la usiku, nyambizi ndogo ya Wajapani yenye watu wawili tu ilipenya bandarini, ikaitoboa manowari hiyo kwa topido, yaani kombora liendalo ndani ya maji, kisha ikaizamisha meli ya mafuta. Ramillies haikuzama, lakini ilipata jeraha kubwa hata ikalazimika kwenda Durban kutengenezwa. Watu wawili, msomaji, waliitia kilema ngome ya chuma! Wazee walisema: usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima.

Yamkini utaniambia kwamba manowari ile ilikuwa imelala bandarini, na kwamba mlinzi aliye macho hashindwi. Basi sikiliza habari ya pili. Februari 1944 meli tano za kuchukua askari ziliondoka Kilindini kwenda Ceylon. Mojawapo iliitwa Khedive Ismail. Ndani yake mlikuwamo kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, askari na mabaharia wa Kiingereza, na wanawake wauguzi. Msafara ule haukuwa yatima; ulikuwa na manowari za kuulinda, na walinzi walikuwa macho. Hata hivyo, tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iitwayo I-27 iliipiga Khedive Ismail kwa topido mbili, nayo ikazama kwa dakika chache tu. Walikufa watu wapatao 1,300.

Lililofuata ni zito kusimulia, lakini silifichi. Nyambizi ilijificha chini, karibu na mahali walipokuwa wakielea wale walionusurika. Manowari za ulinzi, ili ziishambulie, ziliangusha mabomu ya majini mahali pale pale, na baadhi ya waliokuwa wakingoja kuokolewa wakauawa na mabomu ya walinzi wao wenyewe. Nyambizi nayo ilizamishwa siku hiyo hiyo. Je, ulinzi ulishinda? Wenye manowari waweza kuandika kwamba ulishinda. Lakini mama aliyemngoja mwanawe huku Afrika Mashariki hakuwa na ushindi wa kuandika. Nenda siku moja kwenye makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, hapa Nairobi. Lipo jengo la ukumbusho lenye majina ya askari wa Afrika Mashariki wasiojulikana kaburi, na wale waliopotea katika Khedive Ismail ni miongoni mwao. Soma majina hayo polepole, kisha urudi uniambie kama ukubwa ni ngao.

Sasa tutoke katika vita vya jana, tuje katika makombora mapya. Tangu mwishoni mwa 2023, Wahouthi wa Yemeni walianza kuzishambulia meli katika Bahari ya Shamu na mlango wa Bab el Mandeb kwa makombora na ndege zisizo na rubani. Marekani, Uingereza na mataifa mengine yalileta manowari zao. Nakiri, kwa kuwa mwalimu hana ruhusa ya kuficha ushahidi, kwamba manowari hizo ziliyatungua makombora mengi, wala hakuna hata moja iliyozamishwa. Hapo kijana wa Makongeni angeruka kwa furaha. Lakini tumwulize: kazi ya manowari ni nini? Je, ni kuelea tu? Kazi yake ni kuifanya njia ya bahari iwe salama kwa wengine. Meli ya shehena iitwayo Rubymar ilipigwa Februari 2024, ikazama Machi. Wenye meli wengi wakaikimbia njia ile, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ya siku nyingi zaidi. Tena kombora la kutungulia aghalabu lina bei kubwa mara nyingi kuliko ndege ndogo linayoitungua. Mwenye nyumba akimrushia mwizi sahani za fedha kila usiku, hata asipoibiwa, atafilisika.

Usinitilie maneno kinywani, hata hivyo. Sisemi kwamba manowari hazina faida, kama wasemavyo wengine wanaoshangilia kila kombora lirukalo. I-27 ilikwisha siku ile ile iliyoua. Nyambizi yaweza kuifunga njia, lakini haiwezi kuleta gunia la ngano bandarini. Mwenye nguvu hutishwa na mnyonge. Hilo si sawa na kusema kwamba mnyonge amekuwa mwenye bahari. Baina ya hao wawili anateketea mtu wa tatu, ambaye hana kombora wala manowari.

Huyo wa tatu ndiye jibu langu kwa msichana wa Jericho. Mtaa wa Kariokor umepata jina lake kwa wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya vita vya 1914 hadi 1918. Vita hivyo havikuwa vyao, lakini viliwafikia. Vivyo hivyo, meli zilipoikimbia Bahari ya Shamu, parachichi za wakulima wetu ziendazo Ulaya zilikaa baharini muda mrefu kupita kiasi, na nauli ya shehena ikapanda. Mchuuzi wa Gikomba afunguaye robota la nguo, na mama anunuaye unga wa ngano Makadara, wote wamo katika safari ya meli ile, ingawa hawajapata kuiona bahari.

Basi, msomaji, utakaposikia watu wakibishana ni chombo gani kitamzamisha mwenziwe, usiwe kama mtazamaji wa mpira mwenye kushangilia. Uliza: ndani mna nani? Njia iliyofungwa ilikuwa ikilisha nani? Gharama italipwa na nani? Asiyeuliza hayo amejifunza majina ya silaha tu, na majina ya watu waliozama ameyaacha ukutani, barabara ya Ngong, yakinyeshewa na mvua.