Kubadili Bima Si Talaka

Waraka wa Ng'ambo, na Athumani Mwinyijuma

Yako mambo ambayo mtu mzima huyastahimili kwa kuwa madhara yake ni madogo, nami nimestahimili mengi katika baraza zetu za hapa Columbus, Ohio. Lakini juma hili nimeona nasaha ya mtu asiyejua ikimfikisha mwanamke mwenye maradhi ya presha mahali pa kukata vidonge vyake nusu kwa nusu, na kwa jambo hilo sina stahamala, wala sioni haya kuiandika ghadhabu yangu gazetini.

Mwanamke huyo ni binti wa marehemu kaka yangu. Ameolewa na kijana mzaliwa wa hapa hapa Ohio, raia wa Marekani, mtu mpole aliyejifunza kuniamkia "Shikamoo, Ami" kabla hajajua neno jingine lolote la lugha yetu. Baada ya ndoa walipeleka maombi yao kwa pamoja, la mume kumtambulisha mkewe kwa serikali na la mke kutaka ukazi wa kudumu, wakalipa ada, ambayo kwa hilo la pili peke yake ni dola 1,440 tangu Aprili 2024, kisha wakakaa kungoja kuitwa kwenye mahojiano. Katika kungoja huko mume akapata kazi bora kuliko ile ya ghalani aliyokuwa nayo, akahama; na kwa kuwa katika nchi hii bima ya afya ya watu wengi hufuatana na kazi, ile ya zamani ikakoma mwisho wa mwezi, na mwajiri mpya akamletea fomu za bima nyingine, ya kampuni nyingine, yenye nafasi ya kumwandikisha na mkewe. Mume akajiandikisha. Mke akakataa kuandikwa.

Sikuwa na habari ya kukataa huko mpaka nilipokwenda kula nao chakula cha mchana, nikapita jikoni kutafuta maji, nikamkuta ameweka kidonge juu ya ubao wa kukatia vitunguu, kidonge chenyewe kadiri ya punje ya choroko, akikilenga kwa ncha ya kisu kwa uangalifu wa mtu anayeogopa kupoteza hata vumbi lake. Na nusu zilizokwisha kukatwa alikuwa amezipanga katika kifuniko cha chupa.

"Mwanangu, mbona wakata dawa?"

"Ili zifike mwezi ujao, Ami. Zilizobaki ni hizi, na kwa daktari siwezi kwenda, bima imekwisha."

"Na ya mumeo?"

"Tumeambiwa tusiguse kitu chochote mpaka grini kadi itoke."

Akaniletea faili lao. Wote waliopitia mlango huu wanalijua faili hilo, maana kila nyumba ya namna yao inalo: mkataba wa kupanga nyumba wenye majina mawili, taarifa za benki za akaunti ya pamoja, picha za harusi na za Idi, risiti za kodi, na humo ndani nakala ya kadi ya bima ya zamani, imepigwa mbele na nyuma, ikalazwa katika karatasi ya nailoni kama hati ya shamba. Alikuwa ameaminishwa kwamba kadi ile ndiyo nguzo ya ushahidi wao wote. Kwamba ikija nyingine yenye jina la kampuni tofauti, afisa wa uhamiaji ataona karatasi hazilingani, atahukumu kuwa ndoa ni ya hila, na ombi litatupwa pamoja na ada yake.

Nikauliza ni nani aliyetoa fatwa hiyo. Wasomaji wangu wa siku nyingi wamekwisha kumjua. Ni Bwana Yakini, yule yule aliyewaapia watu baada ya sala ya Ijumaa kwamba atakayevaa miwani katika picha ya maombi atarudishwa kwao kwa ndege ya usiku. Safari hii hakukutana na mtu wa kujibizana naye, alikutana na mke kijana aliye mbali na mama yake, aliyelipa akiba yake yote katika ombi moja, akampa amri ya kukaa bila tabibu, kisha akanywa chai yake akaenda zake.

Basi na aelezwe, yeye na wenziwe. Afisa anayewahoji mume na mke hatafuti kujua kama karatasi zao hazijabadilika tangu siku ya nikahi. Anatafuta kujua kama watu hawa wawili walioana kwa nia ya kuishi pamoja, na kama kweli wanaishi pamoja. Watu wanaoishi pamoja huhama nyumba, hubadili kazi, hufunga akaunti hii wakafungua ile, na bima yao hugeuka kila mwajiri anapogeuka. Barua ya bima ya zamani yenye majina mawili, ikifuatwa na barua ya bima mpya yenye majina mawili yale yale, ni ushahidi juu ya ushahidi, kwa sababu inaonyesha kwamba mume alipopata riziki mpya, mtu wa kwanza kumtia chini ya himaya yake alikuwa mkewe. Na hebu ifikiriwe hali waliyoifikia kwa kumtii mshauri wao: mume yumo katika bima peke yake, mke hayumo. Iwapo iko karatasi ya kumfanya afisa ainue macho na kuuliza swali la pili, ni hiyo.

Hofu hii najua ilikotoka. Imetoka mwaka 2019, ambao haujatutoka vifuani mpaka leo. Mwezi Agosti wa mwaka ule serikali ya Marekani ilitangaza kanuni kali juu ya wale wanaodhaniwa watakuwa mzigo wa umma, na tarehe 4 Oktoba Rais Trump akatia sahihi tangazo la kuwazuia wahamiaji wasioweza kuonyesha kwamba watakuwa na bima ya afya ndani ya siku 30 za kuingia nchini, au uwezo wa kujilipia matibabu. Tangazo lile liliwahusu walioomba viza wakiwa nje, si waliokwisha kuwa ndani wakingoja ukazi kama binti yetu. Mahakama ya Portland ililisimamisha kabla halijaanza kutumika, na mwaka 2021 Rais Biden akalifuta. Kanuni ya Agosti nayo iliachwa mwaka huo huo wa 2021. Lakini barazani hakuna aliyesimama kutangaza kufutwa kwake kwa sauti ile ile iliyotangaza kuja kwake, na kwa hiyo watu wetu walibaki na neno "bima" na neno "uhamiaji" yamefungamana vichwani mwao, bila kukumbuka yalifungamana vipi.

Na hapa ndipo hasira yangu inapozidi. Kanuni ile ya 2019, pamoja na ukali wake wote, iliihesabu bima binafsi, isiyolipiwa kwa ruzuku ya serikali, kuwa miongoni mwa hoja nzito za kumfaa mwombaji! Hata yule mwandishi wa sheria aliyewatakia wageni shari hakupata kumwambia mgonjwa aikatae bima ya kazini kwa mumewe; hilo limezuliwa na sisi wenyewe, tukalitia katika masikio ya watoto wetu.

Wakati huo huo jambo lililostahili kushughulikiwa katika nyumba ile halikuwa limetajwa na mtu. Mume ndiye mdhamini. Ameandika kiapo kwamba kipato chake hakipungui asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kilichowekwa na serikali, na kiapo kile kilisimama juu ya mshahara wa kazi aliyoiacha. Afisa huenda akauliza juu ya hilo, na ni haki yake kuuliza, na jibu lake ni barua ya mwajiri mpya pamoja na hati za mishahara ya karibuni. Nilifungua faili ukurasa kwa ukurasa. Kadi ya bima iliyokufa ilikuwamo katika nailoni yake. Barua ya kazi mpya haikuwamo.

Tulikaa mezani alasiri ile ile, sahani za pilau zikasogezwa kando, mume akafungua kompyuta. Muda wa kumwandikisha mtu aliyepoteza bima ya awali si mrefu, aghalabu ni siku 30 katika bima za waajiri, na siku zilizobaki zilikuwa chache mno kwa mtu kukaa akibishana. Aliyekosa bima ya kazini naye ana siku 60 tangu kupoteza ya kwanza kwenda katika soko la bima la serikali, ambako mwenye ombi la ukazi na kibali cha kazi kilichotokana nalo amekuwa akipokewa. Mwenye kufikiria msaada wa matibabu wa wenye kipato kidogo, huyo ndiye anayepaswa kumwona mwanasheria kabla hajatia sahihi, kwa kuwa masharti ya hapo ni mengi na sera za Washington hazikai. Nilipomweleza hayo binti yangu alilia, si kwa furaha. Alilia kwa uchovu wa majuma aliyoyapitisha akihesabu vidonge.

Bwana Yakini amenitumia salamu kwamba nimemvunjia heshima mbele ya watu. Namwambia hivi, na kila mwenye kutoa fatwa za uhamiaji kwa kikombe cha chai na asikie: ichukue nasaha yako, iandike katika karatasi, useme kwamba wewe, fulani bin fulani, umemwamuru mwanamke mwenye presha akae bila bima wala dawa hadi siku isiyojulikana, kisha utie sahihi, uweke na namba ya akaunti yako, ili hospitali itakapompokea ijue hesabu imletee nani.